Mwaka Tulipochagua Vigoda

Tulimzika wifi yangu Damari pale Misigiri siku ya upepo, alizeti zikiwa zimeshavunwa na mashamba yamebaki mabua matupu. Baada ya maziko nilikaa chini ya turubai na wanawake wa mtaa tukila wali na maharage, nikaona kundi la wanawake wengine limejitenga karibu na ukuta wa nyumba. Hawakuwa wa kijiji chetu. Mmoja alitoka Mkalama, wengine walipanda kutoka bondeni chini ya mlima wa Sekenke, na walikuwa wamelia kanisani kuliko baadhi yetu wa nyumbani. Jirani yangu akaninong'oneza, "Hawa ni ndugu zenu wa upande gani?" Nikamjibu kwamba ni watu wa Damari. Aliniangalia, akaendelea kula. Lakini mimi nilijua pale pale kwamba habari hii nitaiandika, kwa sababu Damari mwenyewe aliniruhusu. Miezi yake ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, aliniambia, "Wakikuuliza nilikuwa nani, usinipambe. Waambie ulivyonikuta."

Nilimkuta hivi. Nilifika Misigiri bibi harusi, nikitokea Kiomboi, wakati watu wakipura uwele. Elia, mume wangu, alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma ubavuni mwa tembe ya mama yake. Ile tembe ilikuwa ya zamani, ya miti na udongo, paa lake bapa kiasi kwamba mama mkwe alianika mtama juu yake, na ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya moshi na maziwa ya mgando. Nyumba yetu ilinuka saruji. Sebule ilikuwa na dirisha moja, sakafu ya kijivu, na hakuna kitu kingine chochote. Ukisema neno mle ndani lilikurudia. Kwa hiyo siku zangu za kwanza nilizimalizia kwenye jiko la mama mkwe, na hapo ndipo nilipoanza kumwona Damari, dada mkubwa wa Elia, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mume wake na kupewa chumba cha mwisho cha tembe, kile ambacho mlango wake ulitazama zizi la mbuzi.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na siku ya kuku ilikuwa siku ya kuku. Mama alikalia kigoda chake kimoja, kidogo, kilichochakaa. Mimi nilikaa kwenye ngozi ya ng'ombe miguu nimeikunja pembeni, kama nilivyofundishwa. Damari alipika, akapakua, akatupa maji ya kunawa, halafu akachukua bakuli lake akaenda kula amesimama karibu na jiwe la kusagia. Alikuwa mrefu, mwembamba, siku zote amejifunga khanga mbili nzito za rangi ya giza hata kwenye joto la mchana, na alinukia sabuni ya mche wakati wote. Mimi nilidhani ni mila ya nyumba ile kwamba binti aliyerudi haketi na wenzake. Sikuuliza. Mkamwana mgeni ana masikio mengi na mdomo mmoja tu, na huo nao ni wa kuitikia. Nilichokuwa nakipenda ni sauti yake. Akiwa amesimama gizani pale kwenye jiwe, alitusimulia mambo ya sungura na fisi, au ya yule mchungaji wa zamani aliyeogopa bata, na mama akicheka mpaka anaweka tonge chini. Ukimsikia bila kumwona, ungesema ndiye mtu mwenye raha kuliko wote kwenye ua ule.

Siku moja nikiwa napepeta mtama nyuma ya jiko, nilisikia jirani mmoja mama wa makamo akizungumza na mama mkwe. "Mpelekeni kwa mtaalamu mwingine," alisema. "Kuna mkono wa mtu hapo. Mwanamke hawezi kuwa hivyo bure." Mama mkwe akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Nimempeleka. Nimempeleka mpaka miguu imechoka. Wamemchanja, wamemfukiza, wamenilia mbuzi. Sasa namwachia Mungu." Nikaendelea kupepeta, lakini pumba na punje zilikuwa zinaniingiliana.

Baada ya mavuno Elia alisema sebule isiendelee kukaa tupu. Wanawake wa kanisa walikuwa wameomba kuja kuiombea nyumba, na haiwezekani mama wa watu aje aombe amesimama kama yuko kituo cha basi. Makochi hatukuwa nayo na hatukuyawaza. Elia alisema, "Chagua wewe. Nikichagua mimi, kesho nitaambiwa nimechagua vibaya." Nilifurahi, maana ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile ambayo haikuwa ya kuchota wala kutwanga. Nikaenda kwa mama mkwe, kwa sababu kuchagua peke yangu ingekuwa utovu wa adabu. Alikuwa akichambua mboga. Akaanza kuhesabu vigoda kwa vidole vyake vyenye majani: cha Elia, chako, changu, cha mchungaji akija, na vya wageni.

"Na wifi?" nikauliza.

Vidole vikasimama. Akarudi kwenye mboga zake. "Damari hakai," akasema.

Neno lile nimelibeba miaka yote. Kwa Kiswahili chetu cha huku mtu anaweza kusema fulani hakai akimaanisha hayupo nyumbani, anatembea tembea. Mama hakumaanisha hivyo. Alisema kama mtu anavyosema fulani hali samaki. Sikulala vizuri.

Siku chache baadaye nilimfuata Damari lamboni. Alizoea kwenda kabla ya watu wote, na mimi niliamka makusudi nikamkuta njiani, ndoo kichwani na furushi la nguo kwapani. "Shikamoo wifi," nikamsalimia. "Marahaba. Umepotea njia?" Nikasema nimekuja kumsaidia kufua. Alisimama. Kisha akasema, "Nguo zangu nafua mwenyewe." Nikamwambia basi nitafua zangu pembeni. Tukafua, kila mmoja kwenye jiwe lake, jua likichomoza. Zilikuwa vipande vya khanga kuukuu, vingi mno kwa mtu mmoja, na vyote alivisugua kama anayetaka kuviondolea rangi. Mimi nilikulia karibu na hospitali ya Kiomboi. Mama yangu aliuza chai na maandazi nje ya lango, na nilipokuwa msichana nilibeba birika la chai kati ya wagonjwa na wauguzaji wao. Nilikuwa nimewahi kuona vipande kama vile vimeanikwa kwenye ua wa wodi. Nilijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine, nikaendelea kusugua shuka yangu mpaka yeye mwenyewe akaanza.

Alisimulia bila kuniangalia. Alisema huko alikoolewa, chini ya mlima, uchungu ulimshika jua likiwa linazama, likachomoza, likazama tena. Wakunga walisema asubiri. Gari la kumpeleka juu hospitalini lilipopatikana, mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Walimtoa. Alipoamka alidhani wamemwagia maji kitandani. "Nikasubiri yakauke," alisema. "Mpaka leo nasubiri." Mume wake alimvumilia msimu mzima, hakuwa mtu mbaya, ila mama wa huyo mume ndiye aliyesema nyumba inanuka, na siku moja walimrudisha na masanduku yake, na mume alibeba sanduku moja mpaka kwenye mlango wa mama, akamsalimia kila mtu vizuri, akaondoka. "Sasa unajua," akasema Damari. "Ukitaka kuchota maji mbali na mimi, sitakasirika."

Nikamwambia nilichokijua. Kwamba lile ni jeraha la ndani, kibofu kimetoboka kwa uchungu mrefu na mkojo haushikiki, na kwamba niliwahi kusikia wauguzi wakizungumza juu ya wanawake wa aina yake waliopelekwa hospitali kubwa Mwanza wakashonwa, wakarudi wamekauka. Nilisema haraka haraka, nikiogopa ataninyamazisha. Alikamua kipande cha mwisho, akakiweka kwenye furushi.

"Uliwaona wewe, hao waliorudi?"

"Nilimwona mmoja. Alipita kwetu akanywa chai."

"Alikaa?"

"Alikaa."

Akabeba ndoo yake. "Usinipe matumaini ya bure, wifi," alisema. "Nimeshayazoea haya." Lakini tulirudi pamoja, na tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena kama nimepotea njia.

Siku ya mnada nilikwenda na mama mkwe kwa fundi wa vigoda. Alikuwa na banda lake mwisho kabisa, baada ya wauza ng'ombe na wauza nyama choma, na alikuwa amepanga mali yake pande mbili. Upande mmoja vigoda vya mninga vilivyochongwa kwa gogo moja, miguu minne mifupi, kikalio kimezama kidogo katikati. Upande wa pili stuli ndefu kidogo za mbao za kuunga, ambazo kikalio chake kilikuwa kamba za ngozi zilizosukwa. Hizi za ngozi ndizo alizokuwa nazo nyingi, na ndizo alizotaka tununue. "Ngozi inanesa, mama," alimwambia mama mkwe. "Ukikalia mti saa nzima mgongo unalia. Hii unasinzia kabisa." Mama mkwe alijaribu mojawapo, akakaa, akajinesanesa, akapendezwa. Kusema kweli hata mimi zilinipendeza. Zilikuwa na mpangilio mzuri, kamba nyeupe na nyeusi zikipishana, na niliziwazia zimekaa sebuleni kwangu na wanawake wa kanisa wakizisifia.

Nikasema, "Mama, tuchukue za mti."

"Hizi si nzuri zaidi?"

"Ni nzuri. Lakini za mti zinaoshwa."

Fundi akacheka, akasema kiti hakiogi. Mama mkwe hakucheka. Aliendelea kukaa pale kwenye stuli ya ngozi, mikono magotini, akiangalia chini, na mimi nikaogopa kwamba nimemwaibisha mbele ya mtu. Ng'ombe walipita nyuma yetu wakifukuzwa, na vumbi likatufunika. Kisha akasimama polepole, akaenda upande wa vigoda vya mninga. Akainua kimoja akakigeuza, akaangalia chini, akapitisha kidole kutafuta ufa. Alikuwa amebeba maji ya kunywa kwenye chupa. Akaifungua, akamimina kidogo juu ya kikalio, akasubiri, akafuta kwa ncha ya khanga yake, akainusa ile khanga. Akafanya hivyo kwa cha pili. Cha tatu kilinyonya maji, akakitenga.

"Mama, unanilowanishia mali," fundi akasema.

"Nanunua," alijibu mama mkwe. "Wewe paka mafuta vile vilivyokauka vizuri."

Alivichagua vyote yeye. Mimi nilisimama tu nikivipokea. Alipomaliza, fundi aliviangalia akasema angalau chukueni na kimoja cha ngozi kwa ajili ya mgeni wa heshima. Mama akakataa. Alisema kwa Kinyiramba, na maneno yake yalikuwa kwamba nyumba yenye viti vya namna mbili ina watu wa namna mbili. Halafu akarudi akaongeza kigoda kimoja juu ya vile alivyokuwa amevihesabu nyumbani. Hakusema ni cha nani. Njiani alitembea mbele yangu vigoda viwili vikining'inia mkononi, na mara moja tu aligeuka kuniuliza, "Huyo mwanamke wa chai, wa pale kwenu. Ni kweli alikauka?" Nikamjibu ni kweli.

Ningependa kuandika kwamba Damari alifurahi. Hakufurahi. Alivisifia, akasaidia kuvipaka mafuta tena, akavipanga kuzunguka sebule, na alipomaliza akasimama mlangoni kama kawaida. Mama akamwambia, "Kaa basi." Akajibu ana kazi. Ilikuwa hivyo wiki nyingi. Nilivifuta vumbi vigoda vyote kila asubuhi, na kimoja hakikuwahi kuwa na alama ya mtu. Watu huku kwetu wakitaka kumfariji mtu huleta kitu, chumvi, kuku, kitambaa. Nilikuwa kijana na niliamini kwamba tukishaleta kitu kinachofaa, kazi imekwisha. Mama mkwe alikuwa na akili zaidi. Yeye alingoja.

Wanawake wa kanisa walikuja alasiri moja kabla ya mvua za kwanza. Sebule ilijaa. Waliosalia walikaa kwenye mkeka, na Damari alikuwa jikoni akipika chai, akiipitisha kupitia kwangu. Kiongozi wao alipofungua kitabu, mama mkwe alinyanyua mkono. "Bado mtu mmoja," akasema. Akatoka. Tulisikia sauti yake uani, ya chini, na ya Damari ikikataa, na ya mama tena. Sijui alimwambia nini. Nilimuuliza Damari alipokuwa mgonjwa na hata yeye alisema hakumbuki maneno, anakumbuka tu kwamba mama alimshika kiganja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu Damari alipokuwa mtoto. Waliingia pamoja. Mama akamwonyesha kigoda kilichokuwa kati ya chake na changu, na Damari akakaa.

Wimbo wa kwanza ulipita, maombi yakapita. Nilikuwa nimemkaribia mpaka bega lake likagusana na langu. Katikati ya kusomwa neno nikaona mchirizi mwembamba unashuka kwenye mguu wa kigoda na kutambaa juu ya saruji. Mwanamke mmoja aliyekaa mkekani alivuta miguu yake. Mwingine akaangalia dirishani. Damari alianza kunyanyuka. Mama mkwe akamwekea mkono pajani, akamkalisha, halafu yeye ndiye akasimama, akaenda kwenye mtungi, akarudi na kata ya maji, akayamwaga yote pale miguuni pao wawili. Akachukua ufagio akayasukuma mpaka nje ya mlango. "Vumbi la leo limezidi," akasema. "Endeleeni." Kiongozi, bibi mmoja mzee aliyezaa watoto wengi na kuzika kadhaa, alimtazama mama, akamtazama Damari, akasogeza kigoda chake mbele mpaka magoti yake yakagusana na ya Damari. Akaendelea kusoma. Tulipomaliza walikunywa chai wote, na Damari alikunywa akiwa amekaa.

Asubuhi yake alinikuta nikichochea moto. Hakunisalimia hata. "Nimekaa ibada nzima," alisema, "na sikumbuki hata neno moja lililosomwa. Nilikuwa naangalia sakafu tu. Nataka nikae siku moja nisikilize." Akanisogezea kuni. "Hao wauguzi wako wa Kiomboi, bado wapo?"

Tulikwenda. Muuguzi aliyempima alimwambia maneno yale yale niliyomwambia lamboni, ila yeye alikuwa na gauni jeupe, na Damari akamwamini. Elia aliuza ng'ombe wake dume wa kuvuta plau bila kumwambia mtu, tukamwona tu anarudi na kamba mkononi. Mimi kwa wakati huo nilikuwa na mimba, kwa hiyo mama ndiye aliyempeleka Mwanza, yeye ambaye hakuwahi kupita Singida mjini. Masika yote walikuwa huko. Habari zilikuja kupitia kwa watu: mara ya kwanza nyuzi hazikushika. Siku niliyoipata habari ile nilikaa sebuleni peke yangu na nikalia, kwa sababu mimi ndiye niliyesema nilimwona yule aliyekauka. Elia alikuja akakaa karibu nami. "Dada hajasema anarudi," aliniambia. "Asiporudi maana yake anajaribu tena." Alijaribu tena.

Walirudi uwele ukiwa umeanza kubeba vichwa. Nilimwona Damari akitembea kutoka barabarani, na kitu cha kwanza nilichogundua ni gauni. Gauni jepesi la maua, jeupe chini, lisilo na khanga juu yake. Sikumuuliza chochote. Yeye ndiye aliyeniangalia tumbo, akaniuliza ni wa miezi mingapi, na nilipomjibu, hakuingia hata ndani kupumzika. Alimwambia Elia, "Huyu hazalii hapa. Kesho anakwenda Kiomboi, anakaa kwa mama yake mpaka siku yake, na mimi naenda naye." Elia akasema bado mapema. "Mapema ndiyo dawa," Damari akajibu, na hakuna aliyebishana naye tena, siku ile wala miaka iliyofuata, wala wale wanaume wa vijiji vya mbali ambao baadaye aliwafuata majumbani mwao kuwaambia maneno hayo hayo juu ya wake zao. Wake hao ndio wale waliojitenga karibu na ukuta siku ya maziko.

Uchungu ulinishika saa za asubuhi, tukiwa tunakunywa uji. Aliniongoza kwa mkono mpaka wodini. Kabla ya jua kuwa la utosi mtoto alikuwa amezaliwa, msichana, mwenye sauti. Walipomaliza kunihudumia walimwita wifi aingie. Alisimama mlangoni kwanza, nikaogopa kwamba kumwona mtoto kutamrudisha kule chini ya mlima. Halafu akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akamchukua mtoto, akamlaza mapajani juu ya lile gauni lake jipya. Alimtazama muda mrefu. Akamfungua kidogo kile kitambaa ili aone vidole vya miguu, na hapo hapo mtoto akamkojolea.

Nilishtuka, nikanyoosha mkono kumchukua. Damari akauzuia mkono wangu. Alikuwa akiangalia doa likienea juu ya maua ya gauni, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa sekunde sikujua analia au anafanya nini. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka wanawake wa vitanda vya jirani wakageuka, mpaka muuguzi akachungulia kujua kuna nini.

"Mwache," aliniambia akijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Huyu ana ruhusa."